Ziwa Lililoanguka Mkekani

Mwaka huu natimiza miaka ishirini na sita nikishona busuuti, vazi refu la wanawake wa Kiganda, hapa Nyendo, na naweza kumtazama mwanamke akivuka barabara nikajua kiuno chake bila futi. Sijisifu, nasema ukweli. Mabega yenye ncha, shingo ya mraba, vifungo viwili upande wa kushoto, hayo nayafanya huku nasinzia. Ndiyo maana kosa nililomfanyia Nabbosa halina utetezi wowote.

Nabbosa ni jirani yangu. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na marehemu mumewe alimwachia binti mmoja, Nankya. Mwaka juzi madaktari wa Kampala walimkata ziwa la kushoto ili abaki hai, na akabaki. Aliporudi akawa anaijaza sidiria soksi upande ule. Soksi hazina adabu. Jumapili moja kanisani aliinua mkono kumpungia mtu, soksi zikahamia kwapani, na alikaa misa nzima amebana mkono kama mwenye jipu. Nilikuwa benchi la nyuma yake. Nilicheka kidogo, halafu nikaona aibu, halafu nikasema moyoni, Nnalongo, wewe si fundi?

Nikatafuta sidiria ya mtumba iliyo imara, yenye mikanda mipana isiyokata bega, nikashona mfuko kwa ndani. Nikachukua kitambaa laini, nikashona ziwa, nikalijaza pamba na mabaki ya sare za kwaya. Pale penye chuchu nikaweka kifungo kidogo nilichokifunika kwa kitambaa cha kahawia. Kifungo kile nilikipenda mno, wala sikuombwa kukiweka. Nabbosa alisimama mbele ya kioo changu, akageuka huku, akageuka kule.

"Huyu nitamwita Mpangaji," alisema mwishowe.

"Kwa nini Mpangaji?"

"Mwenye nyumba amehama. Huyu amekuja kukaa tu."

Tukacheka mpaka mashine nayo ikatetemeka. Tangu hapo ikawa ndiyo salamu yetu. Namuuliza toka ng'ambo ya ua, Mpangaji ameamkaje? Naye hujibu, ameamka vizuri, ila jana alitaka kutoka nje bila ruhusa. Mimi nikalichukulia neno hilo kuwa mzaha. Lilikuwa taarifa.

Kosa langu lilikuwa hili. Nilimpima amesimama. Haya, mwanamke wa Kiganda aliyevaa busuuti mbele ya wageni husimama saa ngapi? Tunasalimu tumepiga magoti, tunanawisha watu tumepiga magoti, na kila neno la salamu linatuinamisha kidogo zaidi. Fundi wa busuuti wa miaka yote hiyo nilitengeneza ziwa la mtu wa kusimama, tena jepesi kama kifaranga, na mfuko nikauacha wazi juu ili iwe rahisi kulitoa na kulifua.

Siku ya barua ya posa ikafika. Kijana aliyemtaka Nankya anaitwa Bbaale, anatengeneza simu pale Masaka mjini, zile kazi za kushika waya mwembamba kuliko unywele. Alikuja na shangazi yake Wanyana na rafiki zake watatu, wakapokewa na Mubiru, kaka wa marehemu mume wa Nabbosa, ambaye ndiye msimamizi wa ukoo nyumba ile. Wanaume viti, wanawake mkeka. Nabbosa, kwa kuwa ndiye mama mkwe mtarajiwa, hakupaswa kukaa nao. Kazi yake ilikuwa moja: aje mpaka mlango wa ndani, apige magoti, asalimu, arudi alikotoka. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawagusani kwetu, hawatazamani usoni, hawakai mkeka mmoja. Anayevunja mwiko huo hushikwa na obuko, mikono ikamtetemeka mpaka kikombe kikamshinda. Vijana wa siku hizi hulicheka jambo hili, lakini sijamwona hata mmoja anayempa mama mkwe wake mkono.

Mimi nilikuwa chumba cha ndani na Nankya, tunachungulia kwenye pazia. Nilitaka kuona kazi yangu.

Nabbosa alipiga magoti mlangoni vizuri sana. Akaanza salamu. Mnajua salamu zetu zilivyo ndefu: za huko, za hapa, mmm, za watoto, mmm, za kazi, mmm, na kila mmm ina kichwa chake cha kuinamisha. Mmm ya tatu nikaona shingo ya busuuti imevimba. Ya nne, Mpangaji akachungulia. Ya tano akatoka. Hakutoa hata sauti. Alianguka mkekani, akabiringika polepole mbele ya miguu ya Mubiru, akaenda kusimama kwenye kiatu cha Bbaale.

Nje watoto walikuwa wanacheza mpira wa majani ya migomba, kelele zote tunazisikia. Bbaale ni kijana aliyelelewa. Akadhani ni mpira wa mtoto umeingia, akainama, akaupokea kwa mikono miwili, akauweka mapajani akitabasamu huku akitazama mlango wa nje amwone mwenye mpira akija. Halafu kidole gumba chake kikakuta kifungo changu.

Nilitamani ardhi inimeze pamoja na mashine yangu.

Tabasamu lilimtoka Bbaale kidogo kidogo. Alitazama mapajani, akatazama kule mlango wa ndani alikokatazwa kutazama, na mikono ikaanza kutetemeka. Niliiona. Haikuwa baridi, ilikuwa saa nane mchana. Rafiki zake waliangalia viatu vyao. Mubiru alifungua mdomo akausahau hapo.

Na Nabbosa? Alikuwa ameweka kiganja pale palipobaki patupu. Sura ilikuwa imemkauka. Nikajua atainuka akimbie, mimi ningekimbia. Hakuinuka. Salamu ilikuwa haijaisha, na alikuwa amefika kwenye za watoto.

"Mmm," alisema. "Na wa nyumbani wote hawajambo?"

Wanyana peke yake, shangazi wa kijana, akaitikia: "Hawajambo, nnyabo. Mmm."

"Mmm. Na kazi?"

"Kazi zinakwenda. Mmm."

Wakaimaliza, wanawake wawili, neno kwa neno, mpaka mmm ya mwisho. Ndipo Nabbosa akainuka, akanyoosha kitambaa chake cha kiunoni, akaingia ndani bila kuharakisha. Nimeona watu wakisifiwa kwa ushujaa wa vita. Mimi siku ile nilimwona mtu akimaliza salamu.

Wanyana alimtoa Mpangaji kwenye mikono ya kijana, akamfunika na leso yake, akaniletea pale kwenye pazia.

Wageni walipoondoka Mubiru aliita kikao cha ukoo hapo hapo. Si mtu mbaya, Mubiru. Ni mtu anayependa mambo yaishe kabla ya chakula kupoa. "Sikilizeni," alisema. "Kilichoanguka ni kitambaa. Mtu hashikwi na obuko kwa kushika kitambaa. Mwiko haukuvunjwa. Jumamosi ya wiki ya tatu, kwanjula iko pale pale, tunawapokea wakwe na tunamtoa binti. Nnalongo, si ni kitambaa?"

Wote wakanigeukia. Nikaona njia ya kuokoa arusi na jina langu kwa neno moja.

"Ni kitambaa," nikasema. "Nilikishona mwenyewe. Ndani ni pamba na mabaki ya sare za kwaya."

Watu walishusha pumzi, wengine wakacheka. Mama mmoja alisema basi Bbaale ameshika kwaya nzima. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, na pazia lilikuwa hatua mbili nyuma yangu.

Sauti ya Nabbosa ikatoka ndani, ya kawaida kabisa, ile ya kuwaambia watoto wafunge madaftari. "Mubiru, siku hiyo mimi sitatoka. Mtafutie mtoto mama mwingine wa kitambaa."

Mubiru akadhani ni hasira za siku moja. Hazikuwa. Wiki ikapita, Nabbosa haendi dukani, haendi kanisani. Soksi alizitupa na sidiria aliitundika. Nankya naye ni mtoto wa mama yake: alisema mama asipotoka kusalimu wakwe, yeye hatatoka kukubali mume, na mahema wanaweza kuyarudisha. Upande wa pili habari zikaja kwamba Bbaale amefunga kibanda chake cha simu. Mubiru akatuma ujumbe huko mara mbili: mwambieni ni kitambaa. Hakujibiwa.

Siku ya tisa nilikwenda kwa Nabbosa na kikapu cha viazi vitamu, maana mtu hawezi kuomba msamaha mikono mitupu. Nilimkuta ameketi kitandani. Bega la kushoto lilikuwa juu ya lile la kulia kwa vidole viwili. Nimepima mabega yake tangu ana miaka thelathini, hayakuwa hivyo.

"Linauma?" niliuliza.

"Shingo ndiyo inauma. Huku pana mzigo, huku hapana. Mwili unakwenda upande kama ndoo moja ya maji."

"Nabbosa, mimi nilikosa. Lakini nilisema kitambaa ili nikuokoe."

"Uliokoa chakula cha Mubiru kisipoe." Alinitazama. "Nnalongo, uliponivalisha kile, mimi nililala nacho usiku wa kwanza. Najua ni kitambaa. Mimi ndiye nilikuwa nakifua. Lakini nilikuwa nikikivaa najisikia niko yote. Sasa mbele ya ukoo mmesema pale nilipokatwa hapana kitu, na kilichokuwa pale si kitu. Kijana wa watu anatetemeka, mnamwambia umetetemeshwa na tambara. Hamkuniacha hata na aibu yangu."

Nikamenya viazi. Baadaye nikamwambia: "Wacha nikutengenezee jingine. Si la wageni. La bega lako."

Alifikiri sana. "La bega," alisema. "Basi safari hii tulipime, tusilikisie. Utalipimaje?"

"Kwa macho."

"Macho yako ndiyo yaliyotufikisha hapa. Lete karai."

Mwalimu ni mwalimu tu. Alinifanya nijaze karai dogo maji ya uvuguvugu mpaka mdomoni, mpaka tone moja zaidi lingemwagika, na nikaliweka ndani ya sinia kubwa. Akaniambia kitu kikiingia majini kinayasukuma maji yanayolingana na ukubwa wake, na kwamba ziwa na maji karibu uzito ni ule ule. Amewafundisha watoto wa darasa la sita miaka yote hiyo na hakuna aliyeamini. Tukafunga mlango. Akavua, akapiga magoti mbele ya karai, akaegemea mikono miwili, akaliingiza ziwa lake la kulia majini taratibu, mpaka kifua kikagusa mdomo wa karai.

Maji yakaanza kumwagika kwenye sinia. Sikuwahi kumwona tangu akatwe. Kovu lilitoka katikati ya kifua mpaka chini ya kwapa, limenyooka, mshono mzuri, nakiri kama fundi. Nilijua nimekuja kupima. Lakini maji yaliendelea kutoka, na kutoka, na mimi nikawaza, kumbe lilikuwa zito hivi. Kumbe kiasi hiki chote kilitolewa mwilini mwake siku moja na akarudi nyumbani kwa miguu yake akachota maji. Niliogopa, ile hofu ya mtu aliyeingia kanisani peke yake. Mwishowe maji yakasimama.

"Usimwage hata tone," alisema, bado ameinama. "Hilo ndilo ziwa langu."

Niliyamimina maji ya sinia kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga. Nikaazima mizani ya mikono miwili ya muuza maharage. Upande huu mfuko wa maji, upande huu mfuko mtupu, nikaanza kutia ulezi konzi kwa konzi. Ulezi tulikuwa tumeukaanga kwanza. Nabbosa alisema joto la kwapani na jasho vinatosha kuuotesha, na hataki kuvuna. Mizani ilipotulia sawa, tulitazamana. Ulezi ule nikaushonea ndani ya vitambaa viwili, na sidiria mpya nikaifunga mfuko wake kwa vifungo juu. Chuchu niliuliza kama niweke.

"Weka," alisema. "Sasa wote wanaijua."

Alipovaa, bega la kushoto lilishuka lenyewe mbele ya macho yangu, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Akapiga magoti. Akainama mara kumi, kumi na tano. Ulezi ulikwenda naye ukarudi naye. Alifumba macho akabaki hapo sakafuni, na machozi yakamtoka bila kelele.

"Na Jumamosi?" niliuliza.

"Nimekwambia ni la bega," alijibu. "Sitoki."

Ikabaki siku mbili. Alhamisi asubuhi tulikuwa uani kwa Nabbosa, Mubiru anabishana na Nankya kuhusu mahema, ndipo Wanyana akaingia amebeba kitu mikononi kimekunjwa, chekundu kama udongo. Tulipokitambua Mubiru aliinuka. Ilikuwa lubugo, nguo ya gome la mti, na nguo ile siku hizi huletwa penye maiti.

"Nani kafa?" aliuliza.

"Hajafa mtu, ssebo." Wanyana alipiga magoti mkekani, akaiweka nguo mapajani. "Nimetumwa na Bbaale kwa mama mkwe wake. Wazee walituachia neno, labda nyinyi mmelisahau. Mwanamume akiliona ziwa la mama mkwe wake, humpelekea nguo ya gome ajifunike. Asipofanya hivyo, mikono yake haitulii."

"Lakini si tumewatumia ujumbe? Tumeshaamua kilikuwa kitambaa. Mtoto wenu hana kosa."

"Tumeupata ujumbe, mara zote mbili. Mkaamua, sawa. Kati yenu nyinyi mlioamua, nani alikishika?"

Mubiru akakaa tena.

"Sisi tulimweka chini mtoto wetu," Wanyana aliendelea. "Tukamwambia, una bahati, wakwe wenyewe wanasema ni kitambaa, kubali uende kazini. Baba yake akamwuliza, ulishika nini? Akasema, nimeshika ziwa la mama yake Nankya. Tukamwuliza tena. Akasema hivyo hivyo. Tukamwambia, hata kama ni pamba? Akasema, alikuwa amelivaa, na alilifunika kwa mkono lilipotoka, kwa hiyo ni lake. Basi. Akaenda mwenyewe mpaka kwa wagonga magome, akarudi na hii. Mimi ni mjumbe tu."

Nimeshona nguo nyingi za arusi na nyingi za msiba, na sijawahi kuona nguo kama ile. Kijana alikuwa amefunguliwa mlango wa kutokea, na wenye nyumba wenyewe wamemshikia kitasa. Neno moja tu, kitambaa, na mikono yake ingekuwa mikono ya mtu asiye na deni la heshima kwa yeyote. Akachagua kutetemeka. Mimi niliyepima, niliyekata, niliyeshona, nilisema tambara. Yeye aliyelishika kwa nusu dakika kwa bahati mbaya ndiye aliyelijua.

Hatukusikia mlango. Nabbosa alikuwa ameshasimama kizingitini, amevaa busuuti yake ya kijivu ya nyumbani, mabega sawa. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi. Alimwendea Wanyana, akapiga magoti mbele yake, wakasalimiana, hawakuruka hata neno moja. Kisha akanyoosha mikono miwili akaipokea nguo ya gome, akaikunjua, akajifunga nayo kifuani juu ya busuuti, akaizungusha mpaka mgongoni. Alikaa hivyo. Nguo ile ina harufu ya moshi na mti mbichi, ua wote ulinukia.

Mubiru alivua kofia. Sidhani alijua kuwa ameivua.

"Mikono yake inaendeleaje?" Nabbosa aliuliza.

"Itatulia sasa," alisema Wanyana.

"Mwambie mkwe wangu nimefunikwa." Aliibana nguo chini ya kwapa la kushoto. "Na Jumamosi nikitoka kusalimu, asisahau kuangalia pembeni."

Jumamosi alitoka. Watu walikuwa mia mbili na zaidi, mahema matatu. Nabbosa alipotokeza mlangoni, Bbaale aligeuza uso wake wote kwenye ukuta wa ua, na rafiki zake wakageuka pamoja naye, safu nzima ya vijana waliovaa kanzu wanautazama ukuta mtupu. Mikono yake ilikuwa magotini, imetulia. Nabbosa akapiga magoti, akaanza za huko na za hapa, akainama kwa kila mmm, na hakuharakisha hata moja.